Makucha ya Dhahabu Safi

Kibaha,
3 Juni 2024

Kwa Mzee Mwinyimadi, Sonara,
Kisarawe.

YAH: KUTENGENEZEWA PETE YA NDOA

Shikamoo Mzee. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi naitwa Onesmo, mtumishi wa serikali hapa Kibaha. Jina lako nimelipata kwa mwenzangu wa ofisini, Bwana Hashiru, anayeishi huko kwenu, na ndiye aliyekuletea bahasha hii. Amenieleza kwamba hupokei kazi kwa simu, na kwamba kila mteja sharti aandike kwa mkono wake anataka nini na atie sahihi, ili baadaye asije akageuka. Utaratibu huo nimeupenda sana. Sisi watu wa ofisini tunauelewa.

Ndani ya bahasha kuna jiwe. Ni yakuti nyekundu, mali ya ukoo wetu, iliyoachwa na marehemu bibi yangu mzaa baba. Ninaoa mwezi wa tisa, na ningependa mke wangu mtarajiwa, Vailet, avae jiwe hilo. Kidole chake nimekipima kwa uzi, nao nimeufungasha humo humo.

Naomba ushauri wako kuhusu dhahabu, kwa kuwa nasikia karati ziko nyingi. Sitaki kitu cha kunitia aibu. Wakwe zangu ni watu wanaoijua dhahabu. Mama mkwe, Bi Adventina, ana duka la vitenge Misugusugu, na mikononi ana bangili ambazo zikigongana mtaa mzima unageuka kutazama.

Ningewapa kazi hii mafundi wa hapa Mailimoja, lakini wana maneno mengi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Onesmo


Kisarawe,
5 Juni 2024

Yosefina mwanangu,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu masikio yangu yameuawa na nyundo. Nikikupigia simu nitapiga kelele hadi soko zima lisikie, na habari hii si ya soko. Omary wa machungwa atakufikishia huko Magindu.

Kaa chini kwanza. Jiwe lako liko mezani kwangu.

Usiseme nimefananisha. Jiwe hili baba yangu alilichimba Matombo, akalileta nyumbani limefungwa kwenye kitambaa cha ugoro, na mimi ndiye niliyelikata, likiwa jiwe la kwanza ambalo marehemu Mwinyimadi aliniruhusu kuligusa. Nililitia doa begani, ubavuni mwa jiwe, kwa pupa ya mwanafunzi, na doa lile lipo. Ndani kuna uzi mweupe mwembamba kama unywele wa kitoto kichanga, nao upo. Nimelitazama kwa lenzi mpaka jicho likauma. Ni lile lile ambalo babu yako alikutia mkononi sisi wote tukiwa tumesimama pale, kwa kuwa wewe ndiye uliyemuuguza.

Na aliyelileta ni Onesmo wako. Anaoa. Ameandika kwamba jiwe ni la bibi yake!

Hajui anamwandikia nani. Kibao cha duka bado kina jina la marehemu mume wangu, na Hashiru, kama wote wa huku, hulitaja duka kwa jina hilo tu, kwa hiyo ananiamkia mimi kama mzee wa kiume. Na atanijulia wapi? Hakuwahi hata kukuuliza shangazi yako anafanya kazi gani. Miaka minne alikula chakula chako pale Tumbi, na kila nilipouliza lini atakuja kujitambulisha kwetu, jibu likawa yuko kwenye bajeti. Angekuja hata siku moja kunywa chai kwangu, leo asingenitumia jiwe hili kwa mkono wake mwenyewe.

Wewe uliniambia liliibiwa. Alikuambia wezi walivuta suruali yake dirishani kwa ndoano, jiwe likiwa mfukoni, siku aliyotaka kulipeleka kwa fundi anayemjua yeye akutengenezee pete. Mimi nikaamini. Nikakupa pole.

Nina hasira, Yosefina, hadi nimeshindwa kuwasha moto wa kazi. Niambie unataka nimfanye nini.

Shangazi yako,
Imakulata


Magindu,
9 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliifungua darasani, watoto wakiwa wanaandika insha. Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya choo cha walimu mpaka kengele ikagongwa.

Siku ile aliyoniambia jiwe limeibiwa alilia. Nilimshika mkono nikamwambia asijilaumu, kwamba jiwe ni kitu tu, muhimu ni sisi. Mimi ndiye niliyembembeleza, Shangazi. Kisha baada ya miezi michache akaniambia hajisikii tena, na hata hapo nilijiuliza kama ni mimi niliyemchosha kwa kulizungumzia jiwe la Babu. Nikaomba uhamisho nikaja huku kwenye ng'ombe na vumbi ili nisikutane naye njiani.

Usimrudishie. Lifiche. Mwambie limepotea, mwambie wezi wamevuta dirishani. Polisi siendi, kwa sababu najua atakachosema: atasema nilimpa zawadi, na ni kweli nililiweka mkononi mwake mwenyewe.

Na kama huwezi kulizuia, basi mtie aibu ambayo hataisahau. Nakupa ufunguo wake. Huyu mtu ukimwambia hiki kinafaa, atakuuliza wakubwa wanachukua kipi. Dukani hununua kile ambacho muuzaji amesita kumwonyesha. Nimeishi naye, namjua.

Mwanao,
Yosefina


Kisarawe,
12 Juni 2024

Yosefina mwanangu,

Kulificha siwezi. Sonara akiitwa mwizi mara moja, hata akiwa hana kosa, hakuna atakayemwachia hata hereni iliyokatika. Jina hili Mwinyimadi aliniachia likiwa safi, na sitalichafua kwa ajili ya mwanamume wa bajeti.

Lakini ufunguo wako nimeupokea, nao unaingia kwenye kitasa sawasawa. Sikiliza nikufundishe kidogo. Dhahabu ya karati ishirini na nne ni dhahabu tupu, haina mchanganyiko. Inang'aa, inapendeza, na ni laini kiasi kwamba ukiing'ata inabaki alama ya jino. Jiwe kwenye pete hushikwa na makucha, vijiti vidogo vinavyolikumbatia kwa juu, na makucha ya dhahabu tupu hayawezi kushika kitu kwa muda mrefu. Ndiyo maana pete ya jiwe tunaitengeneza kwa karati kumi na nane. Robo yake tunatia fedha na shaba, na robo hiyo ambayo si dhahabu ndiyo inayolizuia jiwe lisianguke.

Sasa nitamwambia ukweli huo huo bila kupunguza neno. Ila nitamwambia kwa namna ambayo hataupenda. Nakala ya barua ninayompelekea nimeiweka humu uisome. Akutendaye mtende.

Shangazi yako


Kisarawe,
12 Juni 2024

Kwa Bwana Onesmo,
Kibaha.

Marahaba. Jiwe limefika salama pamoja na uzi. Ni jiwe zuri sana. Marehemu bibi yako alikuwa na jicho.

Umeomba ushauri, nami nakupa ukweli wa kazi hii. Kwa pete ya jiwe, karati kumi na nane ndiyo inayofaa. Ni ngumu, makucha yake hayafunguki hovyo. Rangi yake imepoa kidogo, lakini walimu, manesi na watumishi wa kawaida huridhika nayo. Karati ishirini na mbili imeiva zaidi, ila ni laini, na mimi huitumia kwa bangili na mikufu. Karati ishirini na nne ni dhahabu ambayo haikuchanganywa na chochote. Kwa pete ya jiwe siishauri. Makucha yake hufunguka kwa kukwaruzwa tu, na jiwe linaweza kutoka. Waliowahi kuniagiza pete ya namna hiyo hawazidi vidole vya mkono mmoja, na wote walikuwa watu wakubwa ambao wake zao hawagusi sufuria.

Kwa hiyo nadhani kumi na nane itakutosha. Niandikie uamuzi wako.

Mwinyimadi Sonara


Kibaha,
17 Juni 2024

Kwa Mzee Mwinyimadi,
Kisarawe.

YAH: UAMUZI KUHUSU KARATI

Shikamoo Mzee. Barua yako nimeipata, nakushukuru kwa uwazi wako. Hata hivyo, neno hilo la "itakutosha" limenisumbua. Kwa heshima zote, hujanifahamu.

Nimefanya utafiti kidogo mtandaoni. Karati ishirini na nne ni asilimia mia moja, na kumi na nane ni asilimia sabini na tano. Kitu cha asilimia mia hakiwezi kuwa dhaifu kuliko cha asilimia sabini na tano. Hiyo ni hesabu ya darasa la tano, Mzee wangu. Nadhani nyie mafundi wa zamani mmezoea kuchanganya shaba na mnaona tabu kuacha.

Kwa hiyo natamka rasmi: pete iwe ya karati ishirini na nne. Makucha yawe membamba kadiri inavyowezekana, ili jiwe lionekane lote. Mke wangu atakuwa na dada wa kazi, sufuria hazitamhusu. Tahadhari yako nimeisoma, nimeielewa, na uamuzi ni wangu mwenyewe.

Mama mkwe nimeshamdokezea ni karati ngapi. Aliangalia bangili zake, kwa heshima.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Onesmo


Magindu,
24 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nakala ya barua ya Onesmo uliyonitumia niisome niliisoma kwa sauti, peke yangu chumbani, nikaigiza na sauti yake. Hesabu ya darasa la tano! Nilicheka mpaka mwalimu mwenzangu akagonga ukuta. Nilifurahi, sikufichi. Sijafurahi hivyo tangu aniache.

Lakini furaha ilipopoa nikaanza kujiuliza. Jiwe likianguka litaangukia wapi? Linaweza kuingia kwenye shimo la maji machafu, au kuku akalimeza. Mimi nataka aibu yake, ndiyo, ila nataka na jiwe la Babu. Wewe umeniambia namna ya kuliangusha, hujaniambia namna ya kulirudisha.

Halafu kuna huyo Vailet. Nimewahi kumwona kanisani Tumbi, anaimba kwaya, sauti ya pili. Hakunikosea kitu. Sidhani hata kama anajua mimi ni nani.

Shangazi, huwezi kumtengenezea hiyo kumi na nane tukatafuta njia nyingine?

Yosefina


Kisarawe,
30 Juni 2024

Yosefina,

Huruma yako ndiyo iliyokupotezea jiwe.

Pete imekwisha, Hashiru ameshaichukua. Nimeifanya kama alivyoandika, wala sikumwibia hata chembe. Makucha ni membamba kama mbavu za dagaa. Imependeza, lazima niseme, jiwe limekaa juu utadhani linaelea.

Umeniuliza litaangukia wapi. Sijui. Na nitakuambia kitu ambacho hutakipenda: afadhali lipotee kuliko ling'ae ndani ya nyumba yake likiitwa la bibi yake. Baba yangu alitambaa kwa tumbo chini ya ardhi kulitafuta. Hakutambaa kwa ajili ya Onesmo.

Kuhusu huyo bibi harusi, yeye atakuwa na mume na nyumba. Sisi hatuna hata jiwe. Usimwombee huruma kwangu mtu mwenye vingi.

Shangazi yako


Kibaha,
18 Novemba 2024

Kwa Mzee Mwinyimadi,
Kisarawe.

YAH: UTHIBITISHO WA KITAALAMU

Shikamoo Mzee. Ni mimi Onesmo, mteja wako wa pete ya karati ishirini na nne. Ndoa ilifungwa mwezi wa tisa na pete ilisifiwa sana, hata padri aliinama kuitazama.

Sasa nimepatwa na jambo la kusikitisha. Wiki iliyopita mke wangu alinijia akilia, kwamba ametazama kidole na jiwe halipo. Anadai limeanguka lenyewe. Tulipekua nyumba nzima hatukuliona. Mimi si mtoto. Mdogo wake wa kiume alikuwa na shida za ada, na ghafla ada imelipwa. Nimejumlisha mbili na mbili. Nimemrudisha kwao Misugusugu mpaka aseme jiwe amemuuzia nani.

Jumapili ya tarehe mosi Desemba tuna kikao cha familia zote mbili. Naomba uniandikie barua fupi, kama fundi, kuthibitisha kwamba pete ya dhahabu bora kuliko zote haiwezi kuachia jiwe bila kung'olewa makusudi. Barua yako ndiyo itakayomaliza ubishi. Wazee wakiisoma, wataamini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Onesmo


Kisarawe,
20 Novemba 2024

Yosefina mwanangu,

Najua hujaniandikia tangu ile barua yangu ya mwisho, na sababu naijua. Soma hii ya Onesmo kwanza, kisha uninunie tena ukitaka.

Jiwe limeanguka. Nilipofika hapo nilipiga meza, koleo zikaruka. Nilisema, Mwinyimadi, umeona? Kisha nikaendelea kusoma.

Anamwita mkewe mwizi. Yeye aliyeiba anamwita mwizi mwanamke ambaye hakugusa kitu, kwa jiwe lile lile, na anataka mimi nimtilie sahihi. Na mimi ndiye niliyeyapunguza yale makucha kwa tupa mpaka nikaona yamekwisha nguvu.

Nikikaa kimya, nyumba yake itavunjika, na moyo wangu mmoja unaniambia acha ivunjike, si ndicho ulichotaka? Sijui nifanyeje. Nilidhani shimo nimemchimbia yeye peke yake.

Shangazi yako


Magindu,
23 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Uliniandikia "akutendaye mtende" ukaishia hapo. Methali ile ina nusu yake ya pili: mche asiyekutenda. Vailet hakututenda, na sisi tumemfanya chambo.

Nimekasirika na wewe, na nimejikasirikia mimi pia, kwa sababu ufunguo nilikupa mimi. Najua anavyojisikia sasa hivi. Amekaa kwa mama yake, anajiuliza amekosea wapi. Mimi nilikaa hivyo mwaka mzima.

Usimwandikie Onesmo. Mwandikie yeye. Mweleze kila kitu, hata yale yanayokuumbua, na umtumie ile barua ya mwezi wa sita ya hesabu ya darasa la tano, yenye sahihi. Huyo mwanamume nataka aumie bado, usidhani nimelainika. Nataka aumie mbele ya wakwe zake, kwa mwandiko wake mwenyewe. Ila safari hii apigwe yeye.

Jiwe nimeshakata tamaa nalo.

Yosefina


Kisarawe,
25 Novemba 2024

Kwa Bi Vailet,
Nyumbani kwa Bi Adventina, Misugusugu.

Binti yangu,

Hunijui. Mimi ndiye fundi wa pete yako. Si Mzee Mwinyimadi kama mumeo anavyodhani. Huyo alikuwa mume wangu, ameshatangulia mbele ya haki. Mimi naitwa Imakulata.

Jiwe lako halikuuzwa, na hukulipoteza kwa uzembe. Lilianguka kwa sababu dhahabu ile haiwezi kushika jiwe. Nilimwambia mumeo hivyo kwa maandishi, naye akanijibu kwa maandishi. Barua yake hiyo hapa, isome wewe, kisha asome mama yako, kisha wasome wazee wote siku ya kikao.

Kuna la pili. Jiwe halikuwa la bibi yake. Baba yangu alilichimba, akampa mtoto wa kaka yangu, Yosefina, ambaye Onesmo alikaa naye miaka minne. Alilichukua kwake akasema linaenda kutengenezewa pete, kisha akasema limeibiwa. Anayekupa barua hii, Omary, anajua Yosefina anapatikana wapi ukitaka kumuuliza.

Na la tatu ni langu. Nilipoliona jiwe nilijua. Ningeweza kumkatalia kazi. Badala yake nilimsukuma achague vibaya, nikayafanya makucha membamba nikijua yataachia, kwa sababu nilitaka aaibike. Sikujali kwamba pete ni yako. Siwezi kusema sikujua. Nisamehe ukiweza.

Imakulata


Misugusugu,
29 Desemba 2024

Kwa Dada Yosefina,

Ninakuita dada kwa sababu umenizidi umri. Omary akikufikishia bahasha hii, ifungulie juu ya kitanda, kwa sababu kilichomo ni kidogo na kinaruka.

Ndiyo, ni lenyewe. Halikupotea. Siku Onesmo aliponifukuza, nilichukua nguo zangu na vitambaa vya makochi nilivyofuma mwenyewe kabla ya harusi. Niliona heri makochi yake yabaki uchi. Nilipofika kwa mama nikavikung'uta nivifue, na jiwe lilikuwa limenaswa kwenye matundu ya ufumaji. Pete ilikuwa inakwaruza vitambaa vile kila nilipotandika, nami nilikuwa nikikata nyuzi na kuendelea.

Mtu mwingine angekimbia kumwonyesha. Mimi nilinyamaza. Nilitaka kuona mwanamume niliyeapa naye kanisani atafika wapi na uongo wake juu yangu. Nilipanga kulitoa mbele ya wazee, nilimwage mezani, kisha nimtazame usoni. Halafu barua ya shangazi yako ikaja, nikabadili mpango.

Kikao kilikuwa kwetu. Onesmo alivaa suti. Alieleza kwa utaratibu, kama anasoma taarifa, kwamba dhahabu ya asilimia mia haiwezi kuachia jiwe, na kwamba fundi amesitasita kuthibitisha kwa sababu huenda ameshahongwa na upande wetu. Ada ya mdogo wangu aliitaja mara mbili. Mama alimwacha amalize. Kisha akavaa miwani, akafungua barua ya Onesmo mwenyewe na kuisoma yote, polepole, mpaka kwenye sahihi. Aliposoma ile hesabu ya darasa la tano, baba mdogo wa Onesmo alifunika uso kwa kofia.

Mama hakumuuliza lolote kuhusu dhahabu. Alimuuliza jiwe lilitoka wapi. Onesmo akajibu kama siku zote, la bibi mzaa baba. Hapo baba yake mdogo akaondoa kofia usoni.

"Onesmo," alisema, "mama yetu tulimzika hana hata hereni ya bati. Jiwe la nani hilo?"

Onesmo alikunywa maji yaliyokuwa ya mama. Mimi nilikuwa nimelifumba jiwe mkononi muda wote huo, na hakuna aliyejua.

Nililiangalia sana kabla ya kulifunga kwenye karatasi hii. Ni zuri, na nililipenda, nikidhani nimependwa nalo. Sasa naona haya kuwa lilikaa kidoleni kwangu. Lichukue, ni lako.

Mwambie shangazi yako kwamba barua yake niliipokea, na kwamba ukweli wake ulinisaidia. Mwambie pia sijamsamehe. Alikuwa na uzi wa kidole changu mezani kwake. Alijua kabisa ni mkono wa nani. Labda mwakani nitamsamehe, sasa hivi sina nafasi.

Wewe sina neno na wewe. Ila usije ukafikiri tumekuwa marafiki.

Kesho narudi kwa Onesmo. Ameomba msamaha mbele ya familia zote mbili na mbele ya padri, na watu wanasema Vailet ana moyo wa dhahabu. Waache waseme. Ndoa ya kanisani haivunjwi kwa kikao, na nyumba ile ni yangu kama ilivyo yake, sioni kwa nini nimwachie. Amenibembeleza tutafute jiwe jingine la kujaza pete, hata la kioo, mradi lifanane. Nimekataa. Jiwe anaamini limepotea milele, na sitamwambia tofauti.

Pete ninaivaa hivyo hivyo, makucha yamefunguka, katikati hamna kitu. Siku ya Krismasi alikuja hapa na wakubwa wake wa ofisini kunisalimia, ili waone tumepatana. Niliwanawisha mikono mmoja mmoja, birika mkononi, na kila mmoja alipoinama kunawa aliiona. Mkuu wake akauliza, mama, jiwe limeenda wapi?

Nikamwambia amuulize Onesmo, kwa kuwa ni la bibi yake. Wakageuka wote kumtazama. Na kila mgeni atakayeingia nyumbani kwangu, kwa miaka yote Mungu atakayotupa, nitamnawisha mimi mwenyewe.

Vailet